KEMIA IANZIE KATIKA CHUNGU CHA MGANGA

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania huingia katika mtihani wa kemia kwa vitendo akiwa amekwisha kukariri rangi za chumvi ambazo hajapata kuziona nje ya chupa za maabara. Anajua kwamba mmumunyo wa chumvi ya shaba hugeuka bluu iliyokoza unapotiwa amonia nyingi. Anajua kuipima asidi kwa besi, tone baada ya tone, mpaka rangi ibadilike. Hayo ni mambo ya maana na hayana budi kuendelea kufundishwa. Lakini mwanafunzi huyo huyo akiulizwa kwa nini bibi yake huloweka majani haya katika maji baridi, na mizizi ile huichemsha tangu asubuhi hadi jua kutua, hana la kujibu. Mwalimu wake naye aghalabu hana. Baya zaidi ni kwamba wote wawili hawadhani kuwa hilo ni swali la kemia.

Hali hiyo haikuzuka yenyewe. Shule ya mkoloni ilimfundisha mtoto wa Kiafrika kwamba elimu ni kitu kinachotoka mbali na kufika kwa meli. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilitungwa kupambana na uchawi, lakini katika mawazo ya wasomi wengi mganga na mchawi wakatiwa kapu moja, na kila aliyebeba mkoba wa mizizi akatazamwa kwa jicho la shaka. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akaeleza hatari ya shule inayomtenga kijana na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni au kwa watu waliosoma. Shule ziliitikia kwa majembe na mabanda ya kuku, na vema zilifanya hivyo. Maabara ya kemia, hata hivyo, ilibaki kama ilivyokuwa. Ni kama kwamba kujitegemea kulikoma kwenye mlango wake.

Yafaa ifafanuliwe hapa ni maarifa gani yanayozungumzwa, maana jambo hili huharibika upesi kwa maneno ya jumla. Masharti ya mganga ni ya namna mbili. Yako yanayohusu mila na imani: geuka upande wa mashariki, usiseme na mtu njiani. Hayo yana mahali pake na wataalamu wake. Yako pia yanayohusu kazi yenyewe: chukua gome la mzizi, usichukue la shina, liloweke, usilichemshe, litwange likiwa bichi, tia maji ya ndimu, funika chungu. Masharti haya ya pili ni maelezo ya namna ya kukitoa kitu fulani kutoka katika mmea bila ya kukiharibu. Huo ndio mlango wa kwanza wa kemia ya mazao ya viumbe, tawi la elimu ambalo katika shule nyingi huguswa kidogo tu au haliguswi kabisa.

Tuchukuliwe mfano wa nyungu, ambao hakuna nyumba isiyoujua. Majani ya mkaratusi, mchaichai au mndimu huchemshwa katika chungu, mgonjwa akajifunika blanketi na kuuvuta mvuke. Harufu inayomfikia puani ni mafuta yanayopaa pamoja na maji. Mwanafunzi akielezwa kwamba mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho yujenoli, ambacho kikiwa peke yake hakichemki mpaka joto lipite nyuzi 250, atauliza mara moja: basi imekuwaje kitu hicho kikapanda na mvuke wa maji ambao haukufika hata nyuzi 100? Jibu la swali hilo ni kanuni ya vimiminika viwili visivyochanganyika, ambavyo kila kimoja husukuma mvuke wake bila ya kujali mwenzake, na misukumo hiyo miwili ikijumlishwa huufikia mkandamizo wa hewa mapema. Kanuni hiyo ikiandikwa ubaoni kwa herufi za kigeni huwa mzigo. Ikianza na blanketi na chungu hueleweka. Tena si ya kujifukizia tu. Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, kisiwani Pemba, kinafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, yaani hupitisha mvuke katika makonyo na majani ya mikarafuu, kisha huupoza na kukinga mafuta yake. Daktari wa meno aliyezitumia dawa zenye yujenoli na mama aliyemwekea mwanawe karafuu kwenye jino bovu walikuwa wanatumia kitu kimoja.

Au ichukuliwe hina. Mwanamke wa pwani husaga majani yake, akayakanda kwa maji ya ndimu na kuyaacha usiku kucha kabla ya kumpaka bibi harusi. Kwa nini ndimu, na kwa nini usiku kucha? Rangi ya hina katika jani bichi imefungamana na sukari. Asidi na muda huisaidia kuachana nayo, na asidi huikinga pia isiharibiwe na hewa. Ikishawekwa mwilini hushikamana na protini ya ngozi ya juu, na ndiyo maana viganja na nyayo, zenye ngozi nene, hukolea kuliko mgongo wa mkono. Hapa pana masomo matatu ya kemia ambayo yamekuwa yakifanywa ukumbini na makungwi bila ya cheti.

Kilimanjaro nako wapishi wa mbege hutia gome la msesewe ili pombe ipate uchungu unaostahili. Msesewe ni wa ukoo wa mti wa Kihindi ambao mwaka 1952 wanakemia walitoa kwake reserpini, dawa iliyotumika sana kuteremsha shinikizo la damu. Uchungu wa msesewe nao hutokana na alkaloidi, kundi la vitu lenye tabia ya besi, ambavyo katika maji yenye asidi hugeuka chumvi na kuyeyuka kwa wepesi. Mbege, ambayo ina uchachu na kileo, ni kiyeyusho kizuri cha vitu hivyo. Mwalimu wa Moshi au Rombo anayefundisha asidi na besi kwa kutaja majina ya chupa tu ameuruka mfano ulio nyuma ya ukuta wa shule yake.

Wapo watakaosema kwamba hizo ni hadithi za kuchangamshia darasa, na kwamba sayansi ya kweli haitokani na vyungu. Watu hao na wasome habari za dawa ya mseto, inayotumiwa na Tanzania kutibu malaria tangu mwaka 2006. Mwezi Mei 1967 serikali ya China iliwakusanya wataalamu wake watafute dawa ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeanza kuishinda klorokwini. Bibi Tu Youyou na wenzake walipitia mamia ya maelezo ya tiba za kale. Mmea mmoja, ambao kwa jina la kitaalamu ni Artemisia annua, ulionyesha dalili njema mara moja, kisha ukashindwa ulipojaribiwa tena. Tu Youyou akarudi kwenye maandishi ya mganga Ge Hong, aliyeishi karne ya nne. Humo alikuta maelekezo kwamba konzi ya majani iloweshwe katika maji, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Hapakutajwa kuchemsha. Akawaza kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiiua dawa hiyo katika maabara, akaacha njia ya kuchemsha na kutumia eteri, ambayo huchemka kwa nyuzi 35 hivi. Mwezi Oktoba 1971 dawa iliyopatikana kwa njia hiyo iliangamiza vimelea vyote katika panya waliojaribiwa. Mwaka 1972 fuwele zake zikapatikana, na mwaka 2015 Tu Youyou akapewa Nishani ya Nobel.

Katika kisa hicho liko jambo ambalo mwalimu wa kemia hana budi kulishika. Sababu ya joto kuiharibu artemisinini imo katika umbo la molekuli yake. Ndani yake mna atomu mbili za oksijeni zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe, na kifungo cha namna hiyo ni dhaifu, huvunjika upesi. Lakini udhaifu huo ndio nguvu ya dawa, kwani kifungo hicho kinapokutana na chuma kinachotokana na damu aliyoila kimelea huvunjika na kumwangamiza. Kwa hiyo sharti la mganga la kutochemsha, sababu ya sharti lenyewe na kazi ya dawa mwilini vyote vina asili moja. Katika vitabu vya shule ni nadra kupata mfano unaounganisha mambo matatu kwa namna hiyo, na mmea wenyewe umepata kulimwa Arusha.

Mtu asije akadhani, hata hivyo, kwamba kisa hiki kinatoa ruhusa ya kunywa chai ya majani hayo. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo, kwa sababu kipimo cha dawa katika jani hubadilika kutoka shamba hadi shamba, na kipimo pungufu huwafunza vimelea kuizoea dawa. Hilo nalo ni somo la kemia, tena pengine ndilo kubwa kuliko yote.

Maana upo upotovu wa pili, unaofanana na kasumba kama pacha ingawa umegeuka upande wa pili. Nao ni kuamini kwamba kila kilicho cha asili ni kizuri maadamu ni cha asili. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wakubwa kwa wadogo, walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Misururu ya magari ikaenea kwa kilomita nyingi, na wako waliofia njiani. Dawa ilitokana na mti uitwao mugariga, na ilisemwa kutibu kisukari, ukimwi na maradhi mengine sugu. Kikombe kilikuwa kimoja kwa kila mtu na kwa kila ugonjwa. Wako walioacha dawa zao za hospitali. Miongoni mwa waliopanga foleni walikuwamo watu waliofaulu kemia, na ni wangapi waliouliza ndani ya kikombe kile mna nini, kiasi gani, na kitajulikanaje kwamba kimeponya? Elimu iliyowafikisha kwenye cheti haikuwa imewazoeza kuuliza maswali hayo juu ya mti. Iliwazoeza kuyauliza juu ya chumvi isiyojulikana katika chupa, basi.

Ni kwa sababu hiyo mganga anapaswa kuingia darasani akiwa mwenye kauli ya kupimwa. Asichekwe wala asisujudiwe. Anaposema magome yaloweshwe, wanafunzi na waloweke nusu na kuchemsha nusu, kisha walinganishe. Anaposema mzizi na si jani, na wapime vyote viwili. Pengine atathibitika, pengine hatathibitika, na katika hali zote mbili kemia itakuwa imefundishwa.

Hapo walimu watauliza, na ni haki yao, vifaa vitatoka wapi. Shule nyingi hazina hata maji ya bomba katika maabara. Lakini upimaji wa mwanzo wa vitu vilivyomo katika mimea hauhitaji mengi. Mmumunyo wa iodini uliotengenezwa kwa iodidi ya potasi, ambao kila shule huutumia kupimia wanga, ndio huo huo ambao ukidondoshewa maji ya mmea yaliyotiwa asidi hutoa mashapo ya rangi ya kahawia ikiwa alkaloidi zimo. Kloridi ya feri, iliyomo katika orodha ya dawa za maabara, hugeuka rangi ya wino inapokutana na tanini. Majani ya mpera, ambayo akina mama huwachemshia watoto wenye kuhara, yapimwe kwa tone lake. Kisha yapimwe magome ya mikoko, ambayo zamani yalisafirishwa kwa mashehena kutoka Rufiji kwenda kudabaghia ngozi Ulaya. Rangi itajitokeza kotekote, na mwanafunzi ataona kwamba kitu kinachoshikamana na protini ya ngozi ya ng'ombe hadi isioze ni wa jamii ya kitu kinachokaza utumbo. Kwa saponini hakuna dawa inayohitajika: ni kutikisa maji ya mmea katika kijaribio na kutazama kama povu litadumu. Sanamaki ya dukani ikichemshwa na asidi hafifu, ikachujwa na kupozwa, kisha ikatikiswa na eteri, eteri hiyo ikitiwa amonia huifanya amonia kuwa nyekundu. Ndiyo alama ya vitu vinavyoendesha tumbo. Mwalimu akumbuke tu kwamba eteri na spiriti havikai chumba kimoja na moto.

Na mbegu za mlonge je? Wanawake wa Sudan wamezitumia tangu zamani kusafishia maji ya mto. Zikitwangwa na kukorogwa katika maji ya tope, protini zake zenye chaji chanya huzivuta chembe za udongo zenye chaji hasi, zikashikamana na kuzama. Jaribio hilo linahitaji ndoo mbili na kinu. Shule za kata zinazochota maji ya bwawa zingelifanya wiki hii.

Tahadhari ni lazima, na sharti isemwe bila ya kumung'unya maneno. Mnanaha unaoota majalalani una atropini, ambayo hospitali hutumia kutanulia mboni ya jicho, nao umewatia watu wazimu na kuwaua. Mbegu za mbarika zina sumu kali. Kwa hiyo katika shule hakuna kuonja, hakuna kumpa mtu dawa, na hakuna kuandika ubaoni kwamba mti fulani unatibu ugonjwa fulani. Kinachofundishwa ni kilichomo katika mmea na namna kinavyotolewa. Kutibu ni kazi ya wengine, nao wana sheria yao.

Sheria yenyewe ipo tangu mwaka 2002, nayo iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalowasajili waganga. Utafiti nao si mpya. Kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, ambacho baadaye kikawa Taasisi ya Tiba Asili. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanakemia, miongoni mwao Profesa Mayunga Nkunya, walichunguza kwa miaka mingi miti ya jamii ya mstafeli na kutambua ndani yake vitu vyenye nguvu dhidi ya vimelea vya malaria. Mwaka 1984 wanakemia wa Afrika Mashariki na ya Kati wakaunda mtandao wao, NAPRECA. Kazi kubwa imefanyika, basi. Lakini matokeo yake aghalabu yamechapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya ng'ambo, na shule ya sekondari iliyo hatua chache kutoka msitu ulikochumwa mmea haipati hata ukurasa mmoja. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1990. Kilichokosekana ni vijitabu vya kuitumia. Chuo kinachopokea fedha za wananchi hakingeonewa kama kingedaiwa, kwa kila mti kilioumaliza kuuchunguza, maelezo ya kurasa nne kwa Kiswahili yanayosomeka na mwalimu wa kidato cha tatu.

Mganga naye ana haki yake, na hapa ndipo watumishi wa Serikali wanapohusika zaidi. Waganga wengi ni wasiri, na wasomi hupenda kuulaumu usiri huo. Lakini mtu ambaye amekwisha kuwaona wageni wawili watatu wakija na madaftari, wakaondoka na mizizi na wasirudi tena, ana sababu ya kufunga mdomo. Mkondekonde wa milimani ulibanduliwa magome kwa ajili ya viwanda vya Ulaya vinavyotengeneza dawa ya tezi dume, hadi mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Waliokuwa wakiujua mti huo tangu mababu walilipwa bei ya gome, hawakulipwa bei ya maarifa. Shule isirudie mtindo huo kwa kiwango kidogo. Katika daftari la mwanafunzi liandikwe jina la aliyeeleza, kijiji na tarehe. Siri aliyoomba isitolewe isitolewe. Na anapokuja kuzungumza na darasa alipwe posho kama mgeni mwingine yeyote. Mratibu wa tiba asili wa wilaya na Afisa Misitu wakishirikishwa, shule itampata mganga aliyesajiliwa na itajua ni mti gani usioguswa. Magome yachukuliwe kidogo, upande mmoja wa shina, na bustani ya shule ipandwe miche kabla ya mavuno ya kwanza.

Linabaki suala la mtihani, ambalo ndilo linaloamua yote. Walimu hufundisha kinachotahiniwa, na si haki kuwalaumu. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imetilia mkazo ujuzi na vitendo, na mitaala mipya ilianza kutumika mwaka uliofuata. Nafasi ipo, lakini ikiachwa mikononi mwa walimu wenye moyo peke yao itaishia katika maonyesho ya siku ya wazazi. Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani zingeweza kuanza na swali moja tu katika karatasi ya vitendo: mtahiniwa apewe maji ya gome lililoloweshwa na maji ya gome hilo hilo lililochemshwa, chupa ya iodini na chupa ya kloridi ya feri, aambiwe aonyeshe tofauti iliyomo na aieleze sababu yake. Vifaa vya swali hilo vimo katika maabara tangu sasa, na gome lipo kila wilaya.